Mjukuu Mkristo wa Seyyid Said, na kiti ambacho mizinga isingeweza kumpa

Mwezi Novemba 1871, Henry Morton Stanley alikuwa akipita Buha, nchi ya Waha, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Alikuwa ametoka Unguja na nguo, shanga na waya. Buha ikamla. Mtawala mmoja aitwaye Mionvu alimtoza doti za nguo kwa makumi, na kabla jasho halijakauka akasikia kwamba mbele kuna wengine wanaosubiri hongo yao, yaani ushuru wa kupita. Mwishowe Stanley alimlipa mtu wa kumwongoza, akauvuka usiku kimyakimya ukingo wa nchi hiyo ili asiishiwe mizigo kabla ya kuliona ziwa.

Nalitaja hilo kwanza kwa sababu watu hupenda kusema kwamba zumari ikipigwa Unguja hucheza watu wa Maziwa Makuu. Huku Buha hawakucheza. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Ujiji, ukingoni mwa ziwa, lakini juu kwenye nyanda za Kasulu na Kibondo kulikuwa na wenye nchi: Mwami wa Heru akikaa Heru Juu, Muhambwe na Mwami wake, Buyungu na wake, na chini yao watware, machifu wadogo, wakigawa ardhi. Biashara ya Sultani ilipita kandokando ya mamlaka hayo, ikilipa njiani. Hata hivyo, jambo lililotokea Unguja mwaka 1885 liliamua nani angekuja kuitawala Heru, na kiini chake kilikuwa kijana wa miaka 16, Mkristo, mjukuu wa Seyyid Said bin Sultan, aliyekuwa mtawala wa Unguja.

Mama wa kijana huyo alizaliwa katika jumba la Mtoni, Unguja, tarehe 30 Agosti 1844, akaitwa Salme. Mama yake alikuwa Jilfidan, suria wa Kicherkesi. Baba yake, Seyyid Said, alifariki baharini mwaka 1856, na utawala wa Unguja ukamwangukia mwanawe Majid. Mwaka 1859 mdogo wake Majid, Barghash, alijaribu kumpindua, na Salme, binti wa miaka 15 aliyejifundisha kuandika kwa siri, ndiye aliyekuwa akimwandikia barua. Jaribio likashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Kumbuka hilo, maana miaka 26 baadaye Barghash huyohuyo ndiye atakayemfungia mlango.

Mwaka 1866 Salme alipata mimba ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake mjini. Mwezi Agosti alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, hadi Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyohiyo. Hamburg alizaa watoto watatu. Wa kiume, Rudolph Said, alizaliwa Aprili 1869. Mwaka uliofuata mume aligongwa na tramu akafa. Mjane akabaki ugenini na watoto watatu, akiwa na umri wa miaka 25.

Alichodai Emily Ruete katika miaka iliyofuata kilikuwa urithi wake kwa ndugu waliokufa Unguja. Hakudai kiti. Lakini sheria ilikuwa wazi: asiye Mwislamu harithi mali ya Mwislamu. Barghash, ambaye alikuwa Sultani tangu 1870, hakuhitaji kutafuta hoja nyingine. Alipokwenda London mwaka 1875, dada yake alimfuata huko, na wakubwa wa Kiingereza wakamzuia asimwone. Kwa mali, basi, dini ilikuwa imekwisha kumfungia njia. Swali ni kwa nini huko Ulaya walidhani dini hiyohiyo isingemfungia mwanawe njia ya kiti.

Jibu linaanza na Karl Peters, Mjerumani mtafuta makoloni. Kati ya Novemba na Desemba 1884 alizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akiwafanya watawala watie mikono kwenye karatasi za Kijerumani. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari akatoa hati ya kuzilinda nchi hizo. Barghash alipinga, akisema bara lile ni lake. Agosti 7, kundi la manowari za Kijerumani chini ya Komodori Paschen likatia nanga mbele ya mji wa Unguja. Nyuma yake, ndani ya meli iitwayo Adler, alikuwamo Emily Ruete pamoja na watoto wake.

Hesabu ya Bismarck, kansela wa Ujerumani, ilikuwa nyepesi na ya kikatili. Kama Barghash angemdhuru dada yake, ambaye sasa alikuwa raia wa Ujerumani, mizinga ingekuwa na sababu. Waingereza nao waliingiwa na hofu nyingine: kwamba kijana Rudolph Said amekusudiwa kuketishwa mahali pa mjomba wake, awe Sultani wa Unguja chini ya ulinzi wa Kaisari. Jambo hilo lilisemwa waziwazi magazetini Ulaya.

Tuchukulie basi kwamba lingefanyika. Barghash anakataa, mizinga inapigwa, askari wa majini wanamwingiza kijana Beit al-Ajaib, jumba ambalo mjomba wake alikuwa amelimaliza mwaka 1883. Anaketi. Ijumaa inafika. Khutba inasomwa kwa jina la nani? Kadhi anahukumu kwa amri ya nani? Maliwali kutoka Lamu hadi Lindi wanamlipa ushuru mtu ambaye baba yake alitoka Hamburg na ambaye ubatizo wake haukufichika? Kwa Al Busaid, ukoo wa Seyyid Said, kiti kilishikwa kwa beya, kiapo cha utii, ya wakubwa wa ukoo na wa makabila ya Kiarabu. Mizinga ingeweza kumwondoa mtu kitini. Kumpa mwingine beya ni kazi isiyo ya mizinga.

Na hatuna haja ya kubuni, maana pwani hii iliwahi kujaribu. Mwana wa Sultani Hasan wa Mombasa, aitwaye Yusuf, alichukuliwa mtoto na Wareno hadi Goa baada ya baba yake kuuawa. Akalelewa na mapadri Waagostino, akabatizwa Jerónimo, na mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme Mkristo wa watu Waislamu. Wareno hawakumheshimu, raia zake hawakumwamini. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Fort Jesus na watu wake, akamwua nahodha Pedro Leitão de Gamboa, akaurudia Uislamu. Mwaka uliofuata aliihama ngome, akaishia kuwa haramia hadi kifo chake mwaka 1638. Miaka mitano tu ya ufalme wa Kikristo.

Kwa Rudolph ningesema mwaka mmoja ungekuwa mwingi. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilipopandisha bendera yake Pangani na kujitwalia ushuru wa pwani, Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Uzigua waliinua mrima mzima, na vita vile vikaendelea hata baada ya Abushiri kunyongwa Desemba 1889. Bendera ilitosha kuwasha moto huo. Mfalme aliyebatizwa, kwa maoni yangu, angeuwasha miaka mitatu mapema, na Unguja yenyewe ingekuwa ndani yake. Mjerumani angepata kisiwa kinachowaka na bara lisilotawalika, na misafara ya Ujiji ingekatika Tabora. Huenda Buha ingechelewa miaka mingi kumwona mwanajeshi mzungu.

Haikuwa hivyo kwa sababu Barghash alielewa mapema. Ndani ya Agosti hiyohiyo alikubali matakwa ya Wajerumani juu ya bara. Dada yake hakumpokea, wala hakumgusa. Emily alitembea mitaa ya mji aliozaliwa, watu wakamsalimu, ndugu yake akabaki nyuma ya kuta. Kijana hakuhitajika tena. Mama huyu alitumiwa kama mzinga wa ziada na kuachwa, na hilo ndilo linalonisikitisha kuliko yote katika habari hii; aliporudi tena Unguja mwaka 1888 hakupata alichodai.

Bei ya amani ile ililipwa na watu ambao hawakuulizwa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliandikiana kwamba Sultani ana visiwa vyake na ukanda wa pwani wa maili 10 kwenda ndani. Bara lililobaki liligawanywa, na upande wa kusini ukawa wa Mjerumani. Kwa mkataba wao wa 1890, Heru, Muhambwe na Buyungu nazo ziliingia humo bila Mwami yeyote kujua. Wafalme waliokuwa wakitoza hongo misafara ya Unguja waligeuzwa kuwa watu wa eneo la Ujerumani na wino wa Ulaya, miaka kadhaa kabla ya askari kufika.

Rudolph Said-Ruete aliwahi kuwa ofisa wa jeshi la Prusia, akafanya kazi ya benki Misri, akahamia Uswisi na Uingereza. Mwaka 1929 alichapisha London kitabu juu ya babu yake, Said bin Sultan. Mama yake alifariki Jena Februari 1924 na kuzikwa Hamburg, pamoja na mchanga aliokuwa ameuchukua Unguja. Rudolph mwenyewe alifariki Lucerne mwaka 1946.

Kule Heru, katika miaka ya mwisho ya Waingereza, aliketi mtawala mwenye jina la ubatizo. Alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Hakuletwa na meli. Ntare ni jina la enzi la wafalme wa Heru, na watu waliomwita Mwami waliwajua babu zake. Tanganyika ilifuta uchifu mwaka 1963, na tarehe 12 Januari 1964 kiti cha Al Busaid nacho kikaanguka Unguja.