HIARI, AMRI NA DHAMANA: NANI HUBEBA LAWAMA YA HISTORIA?

Katika semina moja ya makada tuliyoiendesha, mada ikiwa ni uongozi na maadili, alisimama ndugu mmoja, mtendaji wa kijiji, akatoa kisa chake bila kuficha. Alikuwa ameagizwa na wakubwa wake kukamilisha mchango wa ujenzi wa madarasa kabla ya mwisho wa mwezi. Mama mmoja mjane alikuwa hajalipa. Mtendaji akaenda na mgambo wawili, wakachukua madebe mawili ya mahindi ghalani mwa yule mama. "Mimi niliagizwa," akasema. "Aliyeniagiza hakutaja mahindi, alisema lengo litimie. Na mgambo walinifuata mimi. Sasa, Ndugu Mkufunzi, mwenye kosa ni nani?"

Semina iligawanyika. Wako waliosema kosa ni la mtendaji peke yake, na wako waliosema ni la ofisi ya juu. Kijana mmoja aliyesoma vitabu vingi akasema kosa ni la mfumo. Mzee mmoja akahitimisha kwamba liandikwalo ndilo liwalo. Siku ile muda ulitushinda. Katika makala haya tunajaribu kulijibu swali la yule ndugu, na njia tutakayoitumia ni ya historia, kwa sababu swali hili lilikwisha kuulizwa katika nchi yetu kwa damu kabla ya kuulizwa semina.

KITENDAWILI CHENYEWE

Ugumu unatokana na kanuni mbili ambazo kila moja, ikisimama peke yake, sote tunaikubali. Kanuni ya kwanza husema kwamba mtu halaumiwi kwa jambo ambalo hakuwa na uwezo wa kuliepuka. Kanuni ya pili husema kwamba uovu uliotendwa na watu lazima uwe na wenyewe.

Sasa tuziweke pamoja. Mgambo anasema alimfuata mtendaji. Mtendaji anasema alitii agizo. Mkubwa anasema hakutenda wala hakujua. Na kijana wetu anasema hata mkubwa yule ni zao la mazingira yake. Tukizikubali hoja zote nne tunafika mahali pa ajabu: mahindi yameondoka ghalani, mama na watoto wana njaa, lakini hakuna aliyeyachukua. Hatia imepotea njiani, kati ya mkono uliotenda na kichwa kilichoagiza.

Dola yoyote inayokubali hesabu ya namna hiyo inaweza kutenda ovu lolote bila kumkosesha usingizi hata mtumishi wake mmoja. Ndiyo maana suala hili si la wanafalsafa peke yao.

GHALA ZILIZOCHOMWA

Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, wananchi waling'oa miche ya pamba katika shamba la serikali. Kitendo kile kilikuwa tamko la vita. Chini ya utawala wa Gavana Gustav Adolf von Götzen watu walikuwa wakilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya usimamizi wa maakida na majumbe, kwa malipo madogo sana hata wengine wakakataa kuyapokea. Juu ya hayo ilikuwako kodi, na juu ya kodi kiboko. Vita vya Majimaji vikaenea kusini yote.

Waliposhindwa kuvimaliza upesi kwa risasi, Wajerumani waligeukia njaa. Vijiji vilichomwa, ghala za nafaka ziliteketezwa, na mashamba yaliharibiwa ili watu wasiweze kupanda. Vita vilipokwisha mwaka 1907 nchi ya kusini ilikuwa mapori. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, ambaye miaka ya 1960 alishiriki kukusanya masimulizi ya wazee walioviona vita hivyo, alikadiria waliokufa kuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi.

Ni nani aliyezichoma ghala zile? Hesabu za Wajerumani wenyewe zinatupa jibu chungu. Kwa upande wao walikufa Wazungu 15 na askari Waafrika 389. Maana yake ni kwamba mikono iliyoshika viberiti ilikuwa, kwa sehemu kubwa sana, mikono ya Waafrika. Aliyeamua mkakati hakuchoma hata ghala moja, na aliyechoma hakuamua mkakati. Hapa kitendawili chetu kinasimama mbele yetu kikiwa kamili.

Wapo wanaotaka tuliruke jambo hili kwa kusema kwamba ukoloni ndio uliotenda. Ni kweli kwamba ukoloni ndio chanzo. Bila ubeberu wa Kijerumani pasingekuwa na pamba ya lazima, wala akida, wala njaa ile. Lakini ukoloni hauna mikono. Tena, watu waliokuwa chini ya ukoloni uleule hawakutenda sawa. Jumbe Kibasila wa Kisangire, katika Uzaramo, alisimama na watu wake dhidi ya mkoloni. Mtawala Kiwanga wa Ulanga alisimama na Wajerumani. Bendera hufuata upepo, lakini upepo ule ulivuma juu ya wote wawili na hawakuelekea upande mmoja. Binadamu si bendera.

AMRI SI NGAO

Utetezi wa kusema "niliamriwa" ulikuja kupimwa mbele ya dunia miaka 40 baadaye, na safari hii walioshtakiwa walikuwa Wajerumani. Hati ya London ya tarehe 8 Agosti 1945, iliyounda mahakama ya Nuremberg, ilifunga milango miwili kwa pamoja. Kifungu cha 7 kilisema kwamba cheo cha mtu, hata akiwa mkuu wa nchi, hakimwondolei lawama. Kifungu cha 8 kilisema kwamba amri ya mkubwa haimwondolei mtu hatia, ila mahakama yaweza kupunguza adhabu haki ikidai hivyo. Hukumu ilitolewa Oktoba 1946, na washtakiwa 12 walihukumiwa kifo.

Tusisahau kwamba miongoni mwa waliotoa hukumu ile zilikuwamo Uingereza na Ufaransa, zenye makoloni. Ufaransa ilianza kuwaua wananchi wa Algeria huko Sétif tarehe 8 Mei 1945, siku ileile Ujerumani ilipojisalimisha. Kanuni ilikuwa nzuri kuliko walioitunga. Lakini kanuni njema haiharibiki kwa kushikwa na mkono mchafu, na sisi wanyonge tunayo haki ya kuichukua na kuwapimia nayo hata hao walioitunga.

Wahenga wetu walisema mjumbe hauawi. Wanaojitetea kwa amri hupenda methali hii, lakini hawaielewi. Mjumbe hauawi kwa sababu anachokibeba ni neno la mwingine, na neno hilo halijamwua mtu. Aliyebeba kiberiti hadi ghalani si mjumbe tena.

UREFU WA KAMBA

Je, askari yule alikuwa huru? Hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba mtu ama ana hiari yote, ama hana kabisa. Engels, katika kitabu chake cha 1878 dhidi ya Dühring, alifuata fikra ya Hegel akaeleza kwamba uhuru si kuota kwamba hakuna sheria zinazotufunga, bali ni kuzifahamu sheria hizo na kutenda kwa ufahamu huo. Watu wetu wanayo lugha nyepesi zaidi: kila mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Methali hii siku hizi imepotoshwa na wala rushwa, wanaoitumia kuhalalisha wizi. Sisi tuirudishe kwenye kazi ya haki. Historia humfunga kila mtu kamba. Hakuna asiye na kamba, na hakuna ambaye kamba yake haina urefu wowote. Basi kipimo cha lawama ni urefu wa kamba.

Kamba ya askari ilikuwa fupi. Aliweza kuchelewa, kufumba macho, kutoroka; na kila moja ya hayo lilikuwa na hatari yake. Lawama ipo, lakini ni ndogo. Kamba ya akida ilikuwa ndefu zaidi, kwani aliweza kuchagua ukali wa mkono wake. Kamba ya gavana ilifika hadi Berlin. Lawama haigawanywi kama mkate, kwamba wakiongezeka walaji kila mmoja apate kipande kidogo. Kila mmoja hulipa yote yaliyo ndani ya duara lake.

SIKUJUA

Mpaka hapa tumewazungumza maadui, na ni rahisi kuwapima maadui. Nadharia hupimwa inapogusa nyumba yetu wenyewe.

Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola vilifanya msako wa kukomesha mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi. Nia ilikuwa njema. Lakini katika msako huo raia waliteswa, na baadhi yao walikufa mikononi mwa dola. Hii ilikuwa dola yetu, miaka 9 baada ya Azimio la Arusha na miaka 5 baada ya Mwongozo wa 1971, uliowakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Ukweli ulipojulikana, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwanzoni mwa 1977. Hakuwa amemgusa mtu yeyote, wala hakuwa ameagiza mtu ateswe.

Je, kwa kanuni yetu ya kwanza, si uonevu kumbebesha mtu jambo ambalo hakulitenda? Tunajibu kwamba kuna tofauti kati ya kuwa na hatia na kuwajibika. Hatia hufuata mkono. Uwajibikaji hufuata dhamana. Mwanachama hufundishwa kwamba cheo ni dhamana, na aliyepokea dhamana hawezi kusema hakuwako kilipopotea alichokabidhiwa. Zaidi ya hayo, kamba ndefu ina uwezo wa kujua ndani yake. Mkubwa anayo macho ya kukagua, anazo ripoti na anayo haki ya kuuliza. Kwa mtu wa chini, kutojua ni bahati mbaya. Kwa mkubwa, mara nyingi kutojua ni jambo alilolichagua kidogo kidogo, kila siku ambayo hakuuliza.

Msomaji anaweza kutukabili kwa hoja nzito zaidi. Waziri yule aliteuliwa kuwa balozi Misri, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Waliokufa hawakurudi. Je, kujiuzulu si njia nyingine tu ya kufunga jalada? Hoja hii ina ukweli ndani yake, na chama kinachoikimbia kinajidanganya. Kujiuzulu hakumfufui mtu, wala hakuchukui nafasi ya kuwafikisha mahakamani waliotesa. Thamani yake ni moja: kunauvunja ule mnyororo ambao kila mmoja humsukumia mwenzake. Mtu mmoja mwenye cheo anaposema "hili ni langu", wa chini yake wanapoteza mahali pa kujificha. Lakini akisema hivyo kisha yasifuatwe na marekebisho, basi maneno yale ni mapambo.

Dhamana hupita hata mipaka ya maisha ya mtu. Tarehe 1 Novemba 2023, mjini Songea, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani katika vita vya Majimaji. Alisimama katika mji ambako tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa mashujaa 67. Yeye alizaliwa mwaka 1956. Kwa hesabu ya hatia hana hata chembe. Lakini aliyerithi nyumba hurithi na madeni yake, na kwa desturi zetu madeni ya marehemu hulipwa kabla ya mali kugawanywa. Kuomba radhi ni kukiri deni. Kulilipa ni hatua nyingine.

JIBU KWA NDUGU YETU

Sasa tunaweza kumjibu mtendaji wa kijiji. Ndugu, hukuwa huru kuufuta mchango. Hukuwa huru kulibadili lengo. Lakini ndani ya kamba yako ulikuwamo uwezo wa kumpa mama yule muda, kulipeleka jina lake katika mkutano wa kijiji asamehewe, na kuandika barua juu kwamba lengo halitatimia na kwa nini. Hayo hukuyafanya. Hiyo ndiyo sehemu yako, na ni yako yote. Aliyekuagiza "lengo litimie" bila kuuliza litatimia kwa njia gani naye anayo sehemu yake, kubwa kuliko yako, na kosa lako halimpunguzii. Mgambo nao wanayo yao.

Tena, usingoje mpaka wote watatu mkubaliane nani aanze. Mama yule anakaa kijijini kwako, na mahindi hayo yanajulikana yalikopelekwa. Anza kwa kuyarudisha.