Gome la Mkoko na Nguvu ya Ukakasi

Atafunaye kipande cha gome la mkoko huhisi papo hapo ulimi ukimkauka na fizi zikimkaza. Na ukakasi huo, ambao wengi huudhania kuwa ni ladha tu kama uchungu wa shubiri, kwa hakika ni kazi ya tanini, ambayo hushikana na protini za mate ikazigandisha na kuuondolea ulimi utelezi wake. Ikitiwa penye jeraha hutenda vivyo hivyo: protini za juu ya nyama huganda zikawa utando, mishipa midogo ya damu hujikunyata, na majimaji yatokayo hupungua, wala aghalabu athari yake haipiti sehemu ya juu. Ndiyo sababu watu wa pwani walilichemsha gome hilo kuwa dawa ya kuhara, kama vile kinyozi alivyoiweka shabu karibu na wembe wake. Nayo shabu, ingawa ni chumvi ya madini isiyo na tanini hata chembe, hukaza ngozi na kuzuia damu kwa njia iyo hiyo ya kugandisha protini.

Hata hivyo, kilicholipatia gome thamani ng'ambo hakikuwa utabibu bali ngozi za ng'ombe. Mwaka 1803 Humphry Davy alitoa maelezo ya majaribio yake juu ya mimea yenye ukakasi na kazi yake katika kutengeneza ngozi; kwani tanini ikisha kujifunga na nyuzi za ngozi mbichi, ngozi hiyo haiozi tena. Basi viwanda vya Ulaya vilipozidi kuitafuta tanini, magome ya delta ya Rufiji, zama za Wajerumani, yalibanduliwa, yakaanikwa juani hata yakakauka, yakapakiwa melini.

Kasoro yake ilikuwa rangi: wekundu wa gome hukolea ngozini, na wanunuzi wengi hawakuupenda. Miti ya kebracho ya Amerika ya Kusini, na miwati iliyopandwa Afrika Kusini na katika nyanda za juu za Kenya, ikalishinda sokoni. Wako waliokosa ujira kwa sababu hiyo, nami siudharau msiba wao; lakini mkoko uliobanduliwa gome pande zote hufa ungali umesimama, na kwa hiyo naona kushindwa huko kulikuwa heri kwa Rufiji, ijapokuwa shoka la wakata boriti halikukoma.