Howard Hawks: Mwongozaji wa Hollywood aliyeileta kamera Momella

Neno "hatari" limeandikwa kwenye matangi ya malori ya mafuta yanayopita Igawa kuelekea Tunduma na Zambia, na hakuna anayeshangaa kuliona. Mwaka 1962 neno hilo hilo, likiwa na alama yake ya mshangao, lilibandikwa kwenye kumbi za sinema za Marekani na Ulaya. Aliyelifanya jina la filamu ni Howard Hawks, mmoja wa waongozaji mashuhuri wa zama za kale za Hollywood.

Hawks alizaliwa Mei 30, 1896, Goshen, katika jimbo la Indiana. Alisomea uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Cornell, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alitumikia kikosi cha anga cha jeshi la nchi yake. Filamu ya kwanza aliyoiongoza, The Road to Glory, ilitoka mwaka 1926.

Hakushikamana na aina moja ya filamu. Alitengeneza ya majambazi, Scarface (1932). Vichekesho, Bringing Up Baby (1938) na His Girl Friday (1940). Ya upelelezi, The Big Sleep (1946). Na za kauboi, Red River (1948) na Rio Bravo (1959). Nyingi kati ya hizo zinarudia kisa kimoja: kikundi kidogo cha watu wenye kazi ngumu, wanaopimana kwa umahiri wa kazi na si kwa maneno.

Kisa hicho ndicho alichokuja nacho Tanganyika mwishoni mwa mwaka 1960. Filamu ya Hatari! inahusu wakamataji wa wanyamapori wanaouzwa kwa bustani za wanyama, na sehemu kubwa yake ilipigwa kaskazini mwa nchi, Momella, chini ya Mlima Meru, ikiwa miongoni mwa maeneo hayo. Kwa maelezo ya Hawks mwenyewe, John Wayne na wenzake waliwakamata wanyama kwa mikono yao, bila watu wa kuwawakilisha. Faru anayeligonga gari katika filamu hiyo hakuwa amefundishwa kuigiza.

Filamu ilipotoka, Tanganyika ilikuwa tayari huru tangu Desemba 9, 1961. Mtazamaji wa nchi hiyo angeitafuta bure habari hiyo ndani yake. Waafrika wanaonekana zaidi kama wasaidizi; mapenzi, mizaha na maamuzi ni ya wageni. Lugha yao ilipewa jina la filamu, wao hawakupewa kisa. Kwa mtu aliyesifika kwa kuheshimu kila ajuaye kazi yake, huo ni upungufu usiofichika.

Hollywood nayo ilichelewa kumtambua. Aliteuliwa kuwania Oscar ya mwongozaji bora mara moja tu, kwa Sergeant York ya 1941, wala hakushinda. Wahakiki vijana wa Ufaransa ndio waliomtetea kama msanii katika miaka ya 1950. Oscar ya heshima alikabidhiwa mwaka 1975. Alifariki Palm Springs, California, Desemba 26, 1977.

Mwigizaji wake Mjerumani, Hardy Krüger, aliipenda Momella kiasi cha kununua shamba huko na kuishi kwa zaidi ya miaka kumi. Hoteli ya watalii iliyopo hapo inaitwa Hatari.