Wahalifu Sugu wa Handeni na Korogwe: Nani Aliwabeba?

Kabla ya utawala wa Wajerumani, kosa la mtu katika nchi ya Wasambaa na Wazigua, zilipo leo Korogwe na Handeni, lilikuwa deni la ukoo wake. Mwizi alitozwa faini ya mifugo, na ndugu wakachangishana. Aliyerudia kosa kila mara aliwachosha. Walipogoma kumlipia, alibaki mikononi mwa mtawala. Zama za Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa aliyefariki mnamo 1862, mtu wa namna hiyo alihesabiwa miongoni mwa watumwa wa mfalme huko Vugha, mji wake mkuu, lakini alibaki nchini. Biashara ya watumwa iliuvuruga utaratibu huo. Semboja, mwanawe Kimweri, aliyejiimarisha Mazinde kando ya njia ya misafara, alihitaji bunduki, na watu waliuzwa pwani kuzilipia. Uziguani, ambako hakukuwa na mfalme mmoja, mambo yalitegemea nguvu ya kila mkuu wa kijiji.

Wajerumani walileta kiboko. Amri ya 1896 iliweka ukomo wa viboko 25 kwa mara moja, ile "hamsa ishirini" iliyokumbukwa muda mrefu. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakajaa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mbali, watu wasio na ukoo wa kuwadhamini. Chini ya Waingereza, sheria ya 1923 ilimfanya mtumishi anayetoroka mkataba kuwa mhalifu. Hivyo baadhi ya walioitwa wakosaji wa kurudiarudia hawakuwa wameiba hata kamba ya katani.

Uangalizi wa mkosaji nje ya gereza uliingia sheriani mwaka 1947, ila ulihitaji maofisa, na vijijini hawakutosha. Baada ya Uhuru mkono wa sheria uliongezeka uzito: sheria ya 1963 iliamuru kifungo cha angalau miaka miwili kwa makosa kadhaa ya wizi, pamoja na viboko 24, nusu yake siku ya kuingia gerezani na nusu nyingine siku ya kutoka. Sheria ya 1969 iliruhusu wahalifu kuhamishiwa makazi mapya.

Mabaraza ya kata yalirejesha usuluhishi mwaka 1985. Parole, yaani kumwachia mfungwa mapema kwa masharti, ikafuata katika sheria ya 1994. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inamruhusu hakimu kumpa kazi ya bure ya umma mtu aliyestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu. Kwanza ofisa wa uangalizi huandika ripoti juu ya mwenendo na makazi yake, na katika kuiandaa huwauliza ndugu, majirani na mwenyekiti wa kijiji.