Feni ya Betri Nne

Wasikilizaji, mwaka 1964 mitambo ya Hale, Korogwe, ilianza kufua umeme kwa maji ya Mto Pangani. Nyaya zikaenda mijini. Sisi majirani tukabaki na koroboi. Kufikia 1983 nchi ilikaukiwa fedha za kigeni, na betri za redio zilipatikana kwa kujuana. Fundi wa kwetu alitoa mota katika redio kaseti iliyokufa, akaipachika mapanga ya bati la kopo. Feni hiyo! Mdogo wangu alipougua surua, baba alizihamisha betri nne za redio, akakosa taarifa ya habari siku sita. Kwa mzee yule, si jambo dogo. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa; feni za dukani zikaonekana. Bei yake baba aliiuliza mara moja tu.