Kutoka Entebbe hadi Kasubi

Usiku wa kuamkia Julai 4, 1976, makomandoo wa Israeli walitua Entebbe, Uganda, kuwaokoa mateka wa ndege ya Air France. Uwanja ule haukuwa mgeni kwao. Kampuni ya nchini mwao ndiyo iliyolijenga jengo la abiria, michoro yake ilikuwepo, na kabla ya safari walijenga mfano wake wakaufanyia mazoezi.

Jeshi la Marekani lilivutiwa. Je, askari anaweza kuuzoea mji asioukanyaga bila kujengewa mfano? Taasisi ya utafiti ya jeshi hilo, DARPA, ikakipa fedha chuo cha MIT, na mwaka 1978 kundi la Andrew Lippman likaanza kupiga picha mitaa ya Aspen, mji mdogo wa milimani huko Colorado.

Ufundi wao unanistaajabisha mpaka leo. Kamera nne zilifungwa juu ya gari, kila moja ikielekea upande wake. Nyuma lilifuata gurudumu la baiskeli lililopima mwendo, na kila futi 10, kama mita 3, kamera zilipiga. Walipiga kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana tu, vivuli visije vikarefuka. Picha zikawekwa kwenye diski za leza. Mtazamaji akigusa skrini alikata kona, akaingia baadhi ya majengo, hata akabadili majira, theluji ikatanda barabarani. Google Street View ilikuja 2007, karibu miaka 30 baadaye.

Picha, hata hivyo, haina kina. Kina kilitokana na vipimo: chombo cha leza hurusha mwanga, hupima unavyorudi, na kuchora ukuta kwa mamilioni ya nukta. Mmoja wa waliokiendeleza ni Ben Kacyra, mhandisi mzaliwa wa Mosul, Iraq. Taliban walipolipua sanamu za Buddha za Bamiyan mwaka 2001, uchungu ulimsukuma, na mwaka 2003 yeye na mkewe Barbara wakaanzisha CyArk, shirika la kuhifadhi vipimo vya majengo ya kale.

Mwaka 2009 kazi hiyo ilifika Kasubi, Kampala, mwendo wa kama kilomita 40 kutoka Entebbe. Huko ndiko iliko Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kubwa ya nyasi walimozikwa kabaka, yaani wafalme, wanne wa Buganda. Machi 16, 2010, moto uliiteketeza. Vipimo vilikuwa vimeshachukuliwa.

Ndani ya nyumba hiyo lilining'inia pazia la lubugo, kitambaa cha gome la mti. Nyuma yake kilikuwa kibira, msitu mtakatifu ambako, kwa imani ya Waganda, kabaka hafi bali hupotelea. Walioruhusiwa kuingia walikuwa wachache mno. Mwanga wa leza ukigonga lubugo hurudi ulikotoka, na naona ni haki urudi.