Chanjo ya Korona na Neno la Wakubwa

Wasomaji wengi wanaukumbuka mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini mwetu. Hapa Mabibo, mahali palipohesabiwa zamani katika Kinondoni na sasa pamo katika Ubungo, ipo maabara ya serikali ichunguzayo dawa za asili. Ndiyo iliyotengeneza NIMRCAF, kinywaji chenye tangawizi na malimau. Watu wakanywa, wakajifukiza, wakamwomba Mungu. Mwezi wa Juni Rais John Magufuli akatangaza kwamba maombi yameuondoa ugonjwa. Na tarehe 27 Januari 2021, huko Chato, akawaonya watu wasizikimbilie chanjo za kigeni.

Tarehe 17 Machi Rais akafariki. Bibi Samia Suluhu Hassan akashika mahali pake, na tarehe 28 Julai akachanjwa Ikulu, Dar es Salaam, mbele ya watu wote. Lakini ndani ya chama kile kile zilisikika sauti mbili: Askofu Josephat Gwajima, Mbunge wa Kawe wakati ule, aliipinga chanjo kanisani mwake, hata Bunge likamsimamisha asihudhurie mikutano miwili.

Basi raia amsikie nani? Waliotangulizwa kuchanjwa walikuwa watumishi wa afya, wenye miaka 50 na zaidi, na wenye maradhi ya siku nyingi. Kwa hiyo vijana wengi wakaona jambo hili ni la wazee. Na wanawake wakatishwa na uvumi kwamba sindano ile huua uzazi. Mwanzo wa mwaka 2022 waliokamilisha chanjo hawakufika 5 katika kila watu 100.

Mtu asiwacheke hao na kuwaita wajinga. Wengi wao walikuwa wametii tu neno la mkubwa wao. Wangegeukaje kwa siku moja? Kilichowageuza hakikuwa amri. Watumishi wa afya walitoka hospitalini wakaenda nyumba kwa nyumba na masokoni, pamoja na wenyeviti wa mitaa na viongozi wa dini, wakayajibu maswali ya watu kwa subira. Hata ulipofika mwaka 2023, waliochanjwa walipita nusu ya watu wote wa nchi.

Wazee husema, maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli, lakini mtungi waweza kujazwa tena, kata kwa kata. Aliye na cheo na apime neno lake kabla ya kulitamka, kwa maana wadogo ndio wailipao gharama yake.